Muhuri wa Mwisho Hauponyi Kosa la Kwanza

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na walimu wa Handeni na Korogwe)



Katika ofisi za wilaya huonekana mara kwa mara kijana aliyeketi bechini, bahasha ya kaki mapajani. Ndani ya bahasha hiyo mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne, na barua ya chuo cha nchi ya kigeni. Barua yasema kwamba nafasi ya masomo ipo, ila vyeti sharti vithibitishwe kwanza na Serikali ya nchi yake, kisha na ubalozi wa nchi anayokwenda, na vyote viwe vimepokelewa kabla ya siku iliyotajwa. Kijana huyo hana wasiwasi. Amefaulu mtihani, na anadhani kwamba jambo gumu limekwisha.

Jambo gumu linakuja anapoulizwa na karani: jina lako hasa ni lipi? Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Athumani, na kwenye cheti cha shule ni Othman. Jina la ukoo kwenye hati moja laanzia na "Se", na kwenye ya pili na "She". Mwaka wa kuzaliwa nao umepishana. Kijana ni yule yule, baba yake ni yule yule, na kijiji chao kizima kinamfahamu. Lakini karatasi zinasema kwamba hawa ni watu wawili, na katika nchi ya kigeni karatasi ndizo zitakazosikilizwa. Siku zinapita, na nafasi hupewa mwingine.

Mfano huu si wa mtu mmoja. Mwalimu yeyote aliyefundisha kwa miaka kadhaa Magoma au Mombo, Kabuku au Sindeni, anaweza kumtaja kijana wa namna hii. Yafaa basi kuuliza: kosa hili lilitendeka wapi? Wengi hunyoosha kidole Dar es Salaam, au Dodoma, au kwenye balozi. Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa lilitendeka kijijini, miaka kumi au ishirini iliyopita, kwa kalamu ya mtu aliyekuwa na haraka.

Kwanza ni lazima kueleweka jinsi hati inavyothibitishwa, kwa maana wapo watumishi wengi wanaowaelekeza wananchi njia ambayo wao wenyewe hawaijui vizuri.

Hati ya nchi moja haiaminiki katika nchi nyingine kwa kutazamwa tu. Mwajiri wa Muscat au karani wa chuo mjini Beijing hamjui Katibu Tawala wa Wilaya ya Handeni, wala hana njia ya kuitambua saini yake. Kwa hiyo hutafutwa mtu wa kati anayezijua pande zote mbili. Kila hati hurudi kwanza kwa mamlaka iliyoizaa. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha kifo huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Cheti cha mtihani wa sekondari huhakikiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Shahada hurudi kwenye chuo kilichoitoa, hukumu hurudi mahakamani, na hati ya kuonyesha kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukua alama za vidole. Pale inapotakiwa nakala, au inapotakiwa kiapo, huingia wakili au hakimu. Hapo ndipo hati hupelekwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozini.

Tena ikiwa hati imeandikwa kwa Kiswahili, nayo inakwenda mahali ambapo lugha hiyo haisomwi, lazima itafsiriwe na mtu anayetambuliwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, hutafsiri hati na kuthibitisha tafsiri. Si lazima mwananchi abebe tafsiri aliyoandikiwa na jirani anayejua Kiingereza kidogo, kwani tafsiri ya namna hiyo hukataliwa na humrudisha mwenyewe mwanzo wa safari.

Sasa jambo ambalo halina budi kushikwa na kila mtumishi ni hili: kila muhuri katika safari hiyo husema neno dogo sana. Wizara haisemi kwamba mtoto alizaliwa kweli siku ile. Inasema tu kwamba saini na muhuri ulioko kwenye hati ni wa ofisi inayotambuliwa. Ubalozi nao hausemi kwamba kijana alifaulu. Unasema kwamba muhuri wa Wizara ni wa kweli. Kila ngazi huitazama ngazi iliyo chini yake, na ngazi ya chini kabisa ni daftari la wilaya, na chini ya daftari ni maneno ya mtendaji wa kijiji, muuguzi wa zahanati, na mwalimu wa darasa la kwanza. Huko ndiko ukweli wenyewe unakoandikwa. Kwingine kote ni kushuhudia kwamba umeandikwa.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya taabu hii ni kuifupisha njia. Hoja yao ina uzito. Tarehe 5 Oktoba 1961 mataifa yaliyokutana The Hague, Uholanzi, yalifanya mkataba wa kuondoa mlolongo huu miongoni mwao. Nchi iliyojiunga huchagua mamlaka yake moja, ambayo hubandika cheti kimoja juu ya hati, nayo nchi nyingine mwanachama huipokea bila kupitia ubalozini. Katika ujirani huu Malawi imo kwa muda mrefu, Burundi ilianza kuutumia mwaka 2015, na Rwanda mwaka 2024. Oman ilianza mwaka 2012, na China mwaka 2023. Tanzania haikuwa miongoni mwa wanachama kufikia mwaka 2024. Ndiyo maana kijana wa Korogwe aliyetaka kwenda Muscat au Beijing alilazimika kupanda ngazi zote hadi ubalozini, ijapokuwa nchi aliyokuwa akiiendea ilikwisha kuziondoa kwa wengine.

Kufupisha njia ni jambo jema, na wanaolitetea wana haki ya kusikilizwa. Lakini ikumbukwe kwamba hata cheti kile kimoja cha The Hague huthibitisha saini na muhuri tu. Kama Athumani wa daftari la vizazi si Othman wa daftari la shule, mkataba wa mataifa yote ya dunia hauwezi kuwafanya mtu mmoja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandikwa vibaya, na hasara ni ile ile.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu wananchi wa wilaya hizi mbili kwa kutojali karatasi bila ya kutazama historia yao. Korogwe ilikua pamoja na reli itokayo Tanga na mashamba ya mkonge. Katika mashamba hayo, wakati wa ukoloni, karatasi iliyojulikana kuliko zote ilikuwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo mfanyakazi hakulipwa mpaka aimalize. Watu walitoka Burundi, Msumbiji na nyanda za kusini kuja kukata mkonge, wakaoa na kuzaa kambini. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu mwaka 1920, lakini haikuwekwa kwa ajili ya Waafrika walio wengi. Mwafrika aliandikwa alipotakiwa kulipa kodi au kufanya kazi. Kuzaliwa kwake hakukuandikwa. Mzee aliyekulia katika hali hiyo hakuona karatasi kuwa haki yake, aliiona kuwa kamba ya kumfungia.

Kwa upande wa Handeni, miaka ya 1970 familia nyingi zilihama kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuingia katika vijiji vipya. Mtu aliyezaliwa katika kitongoji cha zamani alijikuta mahali alipozaliwa hapatajwi tena na mtu yeyote. Tena mwaka 2002 Kilindi ilitengwa na Handeni ikawa wilaya yake. Kwa hiyo mwananchi aliyezaliwa Songe mwaka 1990 alizaliwa katika Wilaya ya Handeni, na mdogo wake aliyezaliwa pale pale mwaka 2005 alizaliwa Wilaya ya Kilindi. Hilo si kosa wala udanganyifu, lakini mgeni hawezi kulijua. Mtumishi anayeijua historia ya wilaya yake huliandika kwa ufasaha katika barua ya maelezo, naye humwokoa mwananchi asishukiwe bure. Asiyeijua hubadili cheti cha zamani ili kilingane na ramani mpya, na hapo ndipo anapotengeneza uongo mahali palipokuwa na ukweli.

Handeni ina somo jingine kubwa zaidi kuhusu mambo haya. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya watumwa, Wazigua wengi walivushwa bahari wakapelekwa Somalia. Wajukuu wao waliishi kando ya mto Juba, nao hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vilipoivunja nchi ile mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Mkuyu, Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo. Wazee wa Handeni waliwasikiliza wakizungumza, wakawatambua. Hawakuwa na cheti hata kimoja cha kuonyesha walikotoka babu zao. Ushahidi wao ulikuwa ulimi. Serikali ya Tanzania ilifungua mlango wa uraia, na kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wamepata hati.

Jambo hilo ni fahari kwa taifa. Lakini tazama kilichofuata baada ya kutambuliwa. Ulimi uliwafungulia mlango wa nyumba ya ndugu, ila mlango wa ofisi ulihitaji hati. Bila hati ya uraia mtu hawezi kuomba pasipoti wala kupiga kura. Na ndugu zao wengine, wapatao 12,000, walikubaliwa kwenda Marekani kutoka kwenye kambi za Kenya, wengi wao wakisafiri kuanzia mwaka 2003. Ukoo mmoja sasa uko pande tatu za dunia. Siku mmoja wao atakapotaka kuthibitisha kwamba yule wa Chogo ni dada yake wa tumbo moja, hataulizwa Kizigua. Ataulizwa vyeti. Mtendaji aliyeandika majina ya familia hiyo kwa uangalifu ameshika uzi unaoiunganisha, na aliyeyaandika ovyo ameukata bila ya kujua.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba haya yanawahusu wachache wanaokwenda ng'ambo, na kwamba walio wengi wanabaki kwenye mashamba yao ya mahindi na mkonge. Hoja hiyo haina msingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwataka waombaji wawe na vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa. Mjane anayedai mirathi hudaiwa cheti cha kifo na cha ndoa. Mtumishi anayestaafu huulizwa tarehe ya kuzaliwa, na tofauti ya mwaka mmoja humcheleweshea mafao yake. Na watumishi wenyewe hawajasahau mwaka 2017, ulipofanyika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watu 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Siku ile kila mtumishi alijua maana ya hati iliyo safi. Aliyekuwa na cheti chake halali, chenye jina lake sawasawa, alilala usingizi.

Uhakiki ule ulifundisha pia kwamba mahali penye njia ngumu na isiyoeleweka hustawi vishoka. Mwananchi aliyezungushwa mara tatu kati ya kijiji na wilaya, kila mara akiambiwa kasoro mpya, huwa mawindo rahisi ya mtu wa mtaani anayemwambia, "Leta fedha, muhuri utapatikana kesho." Mwananchi huyo hakukusudia kuwa mhalifu. Amesukumwa huko na urasimu, kisha hati yake ya kweli huchanganywa na muhuri wa bandia, nayo yote hugeuka kuwa bandia. Kwa hiyo karani anayesema "njoo kesho" bila ya sababu asidhani kwamba anapoteza siku moja tu ya mwenzake.

Nini basi kifanyike? Hakuna haja ya kungoja fedha wala amri mpya. Mengi yamo ndani ya uwezo wa watu waliopo leo katika vituo vyao vya kazi.

Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye mwandishi wa kwanza wa jina la raia katika elimu. Kumbukumbu za wanafunzi sasa hutunzwa na Baraza la Mitihani tangu shule ya msingi, na jina lililoingizwa huko humfuata mwanafunzi mpaka kwenye cheti cha Kidato cha Nne. Mwalimu na amwombe mzazi cheti cha kuzaliwa, au tangazo la kizazi, na kama hakuna amwelekeze jinsi ya kukitafuta. Aandike majina yote matatu kama yalivyo, kwa mpangilio ule ule. Asimfanye Mwanahamisi kuwa Mwanaamisi kwa sababu ndivyo alivyosikia, wala asimbadili Athumani kuwa Othman kwa kudhani kwamba la pili ndilo sahihi zaidi. Jina si insha ya mwanafunzi hata lisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Na kabla ya kuandikisha watahiniwa wa Darasa la Saba na wa Kidato cha Nne, orodha isomwe mbele ya wanafunzi na wazazi wao, kila mmoja akiri kwamba jina ni lake. Kazi hiyo ni ya siku moja. Kulirekebisha jina baada ya cheti kutoka ni kazi ya miezi, na pengine haiwezekani.

Mtendaji wa kijiji na wa kata naye asiandike barua ya utambulisho kwa kumhurumia mtu asiyemjua, wala asimnyime anayemjua. Daftari la wakazi liwe hai: aliyezaliwa aingizwe, aliyehama aondolewe, aliyefariki aandikwe. Mzazi akumbushwe kwamba kizazi kikiandikishwa ndani ya miezi mitatu mambo huwa mepesi, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ushahidi unavyozidi kutakiwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na kadhalika. Siku hizi maombi mengi ya RITA hupelekwa kwa mtandao, lakini mtandao hauwezi kukumbuka kile ambacho kijiji hakikuandika.

Karani na afisa wa wilaya wanaotia saini nao wana lao. Saini isiyo na jina wala cheo chini yake ni kitendawili kwa anayeipokea. Muhuri uliogongwa juu ya tarehe huifuta tarehe. Afisa anapohamishwa, mfano wa saini ya anayeshika nafasi yake upelekwe mapema kunakohusika, ili hati halali isikataliwe kwa sababu mkono ni mgeni. Na wananchi waelezwe kwamba cheti halisi kisifungwe ndani ya plastiki kwa moto ili kukitunza, kwani muhuri haugongwi juu ya plastiki, na anayejaribu kuibandua huharibu cheti chenyewe. Tahadhari hii ndogo ingewaepusha wengi na safari ya pili ya Dar es Salaam.

Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo Chama Cha Mapinduzi kilizirithi mwaka 1977, ipo ile ya kwamba cheo ni dhamana. Wengi huifikiria wanapomwona mkubwa anayetumia gari la Serikali kwa shughuli zake. Lakini dhamana haiko kwa wakubwa peke yao. Kalamu ya mwalimu wa darasa la kwanza ni dhamana. Muhuri wa mtendaji, unaolala usiku ndani ya mtoto wa meza, ni dhamana. Aliyeushika ameaminiwa na watu ambao hatawaona kamwe, katika nchi ambazo hatafika, wakisoma neno aliloliandika yeye na kuliamini kwa kuwa Jamhuri imelidhamini.

Yule kijana wa benchi la wilaya hakuhitaji upendeleo wala ndugu mwenye cheo. Alihitaji watu wawili tu, mmoja wa daftari la vizazi na mmoja wa daftari la shule, waandike jina lake namna moja. Mwezi Januari kila mwaka watoto wapya huletwa shuleni katika Handeni na Korogwe, wameshikwa mikono na mama zao, na majina yao bado hayajaharibiwa na mtu. Mwalimu atakayefungua rejesta siku hiyo na aulize kwanza, asikilize, aandike, kisha amsomee mama yule alichoandika kabla ya kumwita mtoto anayefuata.